Kulabu za WordPress: marekebisho yako yakae kwenye themu mtoto, plagini, mu-plugins au kiolezo?

Mwenye duka la viungo mtandaoni anakuja na maombi matatu. Bei zisomeke TSh badala ya Sh. Sehemu ya postikodi iondoke kwenye fomu ya malipo, maana wanunuzi wake wengi hawaijui ya kwao. Na kwenye kila bidhaa, juu ya kitufe cha kununua, paandikwe kwamba mzigo wa Dar es Salaam unafika siku hiyohiyo. Duka linaendeshwa na WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, pamoja na WooCommerce, plagini (programu ya nyongeza) inayoigeuza tovuti kuwa duka, na yote matatu yanawezekana bila kugusa hata mstari mmoja wa WooCommerce yenyewe. Kufungua faili za plagini na kuzihariri palepale sikuhesabu kuwa chaguo: sasisho likija, folda nzima ya plagini inafutwa na kuwekwa nyingine, na kazi yako inakwenda nayo.

Kinachobaki ni kulabu. WordPress na plagini zake zimeacha vituo ndani ya msimbo wao, kila kimoja kikiwa na jina, ambapo unaweza kutundika fanksheni yako (kipande cha msimbo chenye kazi yake) ikaitwa wakati wake ukifika. Utaratibu huu upo tangu toleo la 1.2 la mwaka 2004, na plagini zote unazozijua zinauegemea.

Mafunzo mengi yanakutajia kulabu ya kutumia kisha yanamaliza kwa kusema "bandika msimbo huu kwenye functions.php", yaani faili ya msimbo ya themu, ile inayoipa tovuti sura yake. Hapo ndipo tunapoachana njia. Jina la kulabu utalipata kwa kutafuta kidogo kwenye nyaraka. Mahali unapouweka msimbo ndipo panapoamua kama duka litaendelea kufanya kazi mwakani, mwenye duka atakapopenda themu nyingine.

Kitendo au kichujio

Kulabu ziko za aina mbili, na hapa hakuna cha kuchagua kwa ladha. Kazi yenyewe inakuchagulia. Kitendo kinatangaza tu kwamba tumefika mahali fulani: ukurasa unaanza kuchorwa, makala imehifadhiwa, fomu ya bidhaa inaonyeshwa. Mwenye la kufanya alifanye. Kichujio kinakukabidhi kitu mkononi, iwe bei, kichwa cha habari au orodha ya sehemu za fomu, na kinangoja ukirudishe, umekibadilisha au hujakibadilisha. Ndani ya WordPress hivi viwili ni mtambo mmoja. Ukiita add_action, yenyewe inakwenda kuita add_filter. Tofauti iko kwenye kurudisha.

Na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Ukitundika fanksheni kwenye kichujio cha the_content, kinachopitisha maudhui ya makala, ukasahau return (amri ya kurudisha), makala zote za tovuti zinakuwa tupu, na WordPress haitoi onyo lolote, kwa sababu kwake umerudisha "hakuna kitu" na hicho ndicho inachokionyesha. Ukiongeza maneno yako kwa echo (amri ya kuchapisha palepale) badala ya kuyaunganisha na unachorudisha, yanajitokeza juu ya makala, mahali ambapo hukuyataka. Ukikuta dalili mojawapo kati ya hizi, usianze kuilaumu themu.

Ombi la kwanza, la alama ya sarafu, ni kichujio. WooCommerce huipa shilingi ya Tanzania alama ya Sh, ileile inayoipa shilingi ya Somalia, ilhali ya Kenya inapewa KSh. Marekebisho yake ni haya:

```php
add_filter( 'woocommerce_currency_symbol', 'viungo_alama', 10, 2 );

function viungo_alama( $alama, $sarafu ) {
    if ( 'TZS' === $sarafu ) {
        $alama = 'TSh';
    }
    return $alama;
}
```

Zitazame zile namba mbili za mwishoni mwa mstari wa kwanza. 10 ni kipaumbele: namba ndogo hutangulia, na usipoandika kitu WordPress inachukua 10. Ile 2 inasema fanksheni yako inataka kupewa vitu viwili. Ukiiacha, utapewa kimoja tu, yaani alama bila jina la sarafu, na kwenye matoleo ya siku hizi ya PHP, lugha ya msimbo wa WordPress, tovuti itaanguka kwa kosa la kukosa hoja ya pili. Watu wananakili mstari huu bila kujua kazi ya hizo namba, kisha wanazifuta ili msimbo upendeze.

Ombi la tatu, la maneno juu ya kitufe, ni kitendo, na humo kipaumbele ndicho kinachofanya kazi yote. WooCommerce hutumia kitendo kimoja, woocommerce_single_product_summary, kupanga upande wa maelezo ya bidhaa: jina lipo kwenye 5, bei kwenye 10, maelezo mafupi kwenye 20, kitufe cha kununua kwenye 30, kundi la bidhaa kwenye 40. Ukitaka maneno yako yakae kati ya maelezo mafupi na kitufe, tundika fanksheni yako kwenye 25. Basi. Hujanakili ukurasa wala hujahariri HTML ya mtu.

Kuondoa kitu kunataka uangalifu zaidi. Ukitumia remove_action, lazima utaje kipaumbele kilekile kilichotumika kutundika, na uiite baada ya kitu hicho kuwa kimeshatundikwa. Ukikosea kimoja kati ya hivyo, hakuna kitakachotokea wala hutaambiwa. Kwa sababu hiyohiyo, zipe fanksheni zako majina yenye kiambishi chako, kama hilo viungo_ hapo juu. Fanksheni isiyo na jina inafupisha msimbo, lakini atakayekuja baadaye hataweza kuitundua.

Kulabu au nakala ya kiolezo

Njia nyingine inayoshindana na kulabu ni kunakili kiolezo. WooCommerce inakuruhusu kuchukua faili ya ukurasa fulani, kuiweka ndani ya folda inayoitwa woocommerce kwenye themu yako, na kuihariri utakavyo. Ikiiona pale, itatumia ya kwako na kuiacha ya kwake. Kwa mtu anayeijua HTML kuliko PHP, hii inavutia. Unaona ukurasa wote mbele yako, unahamisha hiki, unafuta kile.

Gharama yake inakuja baadaye. Tangu siku uliponakili, faili hiyo ni mali yako. WooCommerce ikirekebisha kasoro ya usalama ndani ya kiolezo chake, nakala yako haitarekebishwa. Ukifungua ukurasa wa hali ya mfumo ndani ya WooCommerce utakuta orodha ya violezo vilivyopitwa na wakati, na kwenye maduka mengi orodha hiyo ni ndefu na hakuna aliyewahi kuisoma.

Kwa hiyo ukiongeza, ukiondoa au ukibadili mpangilio wa vitu, tumia kulabu. Nakili kiolezo pale tu unapobadili mifupa ya ukurasa wenyewe, kwa mfano unapotaka orodha ya bidhaa iwe jedwali badala ya visanduku vya picha. Kunakili faili nzima ili ubadilishe neno moja ni kujitafutia kazi ya kila mwezi.

Mahali pa kuuweka

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Msimbo uleule wa TSh utafanya kazi leo popote utakapouweka kati ya sehemu hizi. Tofauti itaonekana siku kitu kitakapobadilika.

| Mahali | Themu ikisasishwa | Themu ikibadilishwa | Unazimika kwenye dashibodi? |
|---|---|---|---|
| functions.php ya themu yenyewe | Unafutika | Unaachwa nyuma | Kwa kubadili themu tu |
| Themu mtoto | Unabaki | Unaachwa nyuma | Kwa kubadili themu tu |
| Plagini yako mwenyewe | Unabaki | Unabaki | Ndiyo |
| Folda ya mu-plugins | Unabaki | Unabaki | Hapana |
| Plagini ya vipande vya msimbo | Unabaki | Unabaki | Ndiyo, kipande kwa kipande |

Safu ya kwanza ipite haraka: usitumie functions.php ya themu uliyoipakua, hata kwa "marekebisho ya muda". Ya muda ndiyo yanayodumu mpaka sasisho liyafute.

Themu mtoto ni folda ndogo yenye style.css inayomtaja mzazi wake kwenye mstari wa Template, pamoja na functions.php yako. Mzazi anasasishwa, mtoto haguswi. Ni njia nzuri, nami naitumia, lakini kwa mambo ya sura tu: rangi, fonti, mpangilio wa kichwa cha ukurasa, idadi ya maneno ya dondoo za makala, ambayo WordPress imeiweka 55 na unaibadilisha kwa kichujio cha excerpt_length. Kuna jambo moja linalowachanganya wengi: functions.php ya mtoto inasomwa kabla ya ya mzazi. Ukitaka kuondoa kitu alichokitundika mzazi, huwezi kufanya hivyo moja kwa moja kwenye faili ya mtoto, maana wakati huo mzazi bado hajakitundika. Subiri kitendo cha after_setup_theme au init, ndipo uondoe.

Sasa alama ya sarafu ni sura? Hata kidogo. Duka likibadili themu leo usiku, bei hazipaswi kurudi kuwa Sh kesho asubuhi. Postikodi hali kadhalika. Hayo ni mambo ya biashara, na mambo ya biashara mahali pake ni plagini yako mwenyewe. Watu wanaliogopa neno plagini wakidhani ni kazi kubwa. Ukweli ni faili moja ya PHP ndani ya wp-content/plugins, yenye maelezo haya juu:

```php
<?php
/*
Plugin Name: Marekebisho ya Duka la Viungo
*/
```

Chini yake unabandika ulichokuwa unataka kubandika kwenye functions.php. Unaingia kwenye dashibodi, unaiwasha. Ikileta shida, mwenye duka anaizima mwenyewe bila kukupigia simu saa nne usiku. Hiyo peke yake inanitosha kuipendelea.

Maneno ya mzigo wa Dar es Salaam yapo katikati, na hapa watengeneza tovuti wawili wanaweza kuhitilafiana bila mmoja kukosea. Ni ahadi kwa mteja, kwa hiyo ni biashara. Lakini yanavyoonekana ni sura. Mimi ningeweka fanksheni kwenye plagini na mtindo wake, rangi na ukubwa wa herufi, kwenye themu mtoto. Themu ikibadilika, maneno yatakuwepo, hata kama kwa siku chache hayatapendeza.

Folda ya mu-plugins ni ya kundi jingine la watu. Faili ya PHP ukiiweka ndani ya wp-content/mu-plugins inajiwasha yenyewe, inasomwa kabla ya plagini za kawaida, na hakuna kitufe cha kuizima. Inafaa pale anayesimamia seva si yule anayesimamia maudhui: unaendesha tovuti nyingi za idara mbalimbali za chuo, mathalani, na hutaki mhariri wa idara mojawapo azime kanuni ya usalama kwa bahati mbaya. Kumbuka kwamba WordPress inasoma faili zilizo wazi ndani ya folda hiyo tu. Ukiweka msimbo ndani ya folda ndogo humo, hautasomwa mpaka uandike faili ya nje inayouita. Kwa duka la mtu mmoja, njia hii ni kufuli lisilo na sababu.

Zimebaki plagini za vipande vya msimbo, kama Code Snippets na WPCode. Hizi zinakupa kisanduku ndani ya dashibodi, unabandika msimbo, unauhifadhi, nao unakaa kwenye hifadhidata badala ya faili. Kwa asiye na njia ya kufikia faili za seva, au anayefanya kazi kwa simu, ni mkombozi. Kasoro yake ni kwamba msimbo wako hauko mahali ambapo Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ingeuona, na yeyote mwenye nywila ya msimamizi anaweza kuandika PHP yoyote kwenye tovuti yako. Kama umezima uhariri wa faili kwa DISALLOW_FILE_EDIT kwenye wp-config.php kwa ajili ya usalama, halafu ukasakinisha plagini ya namna hii, umefunga mlango ukaacha dirisha.

Kitu kimoja zaidi kuhusu mpangilio wa kusomwa, kwa sababu kinaamua mambo bila kukuuliza. WordPress inaanza na mu-plugins, inafuata plagini za kawaida, kisha inatangaza plugins_loaded, ndipo inakuja themu. Kwa hiyo msimbo unaotaka kutundikwa kwenye plugins_loaded hautafanya kazi kamwe ukiwa kwenye themu, mtoto au mzazi: tangazo limeshapita kabla themu haijaamka.

Fomu ya malipo imebadilika

Nimeliacha ombi la postikodi makusudi, kwa sababu jibu linalosambaa mtandaoni ni la zamani. Utaambiwa utumie kichujio cha woocommerce_checkout_fields, ufute billing_postcode, umalize. Hilo ni kweli kwa fomu ya zamani, ile inayoitwa kwa msimbo mfupi wa [woocommerce_checkout]. Lakini tangu toleo la 8.3, mwishoni mwa 2023, maduka mapya ya WooCommerce yanaanza na ukurasa wa malipo uliojengwa kwa bloku, yaani vipande vinavyopangwa kwenye kihariri cha WordPress, na bloku hiyo haikisikilizi kichujio hicho. Unabandika msimbo, hakuna kosa linalotokea, na postikodi inabaki ikikutazama.

Una njia mbili. Unaweza kuiondoa bloku na kurudisha msimbo mfupi, kisha kichujio cha zamani kitafanya kazi. Sababu nzuri ya kufanya hivyo ni moja: plagini yako ya malipo ya simu, ya M-Pesa au Airtel Money, kama haijaandikiwa bloku, haitaonekana kabisa kwenye fomu mpya, na duka lisilopokea pesa za simu hapa kwetu halina maana. Hilo likague kwanza kabla ya mengine yote.

Kama malipo yako sawa, baki na bloku na utumie kichujio kingine, kinachogusa kanuni za anwani za nchi husika:

```php
add_filter( 'woocommerce_get_country_locale', 'viungo_anwani' );

function viungo_anwani( $nchi ) {
    $nchi['TZ']['postcode']['required'] = false;
    $nchi['TZ']['postcode']['hidden']   = true;
    return $nchi;
}
```

Naipendelea hii hata kwenye fomu ya zamani, ambako nako inafanya kazi. Kile kichujio cha kwanza kinafuta postikodi kwa kila mtu. Hiki kinaificha kwa anayechagua Tanzania tu; Mtanzania aliyeko London anayeagiza karafuu zipelekwe kwake Uingereza ataendelea kuulizwa ya huko, na kampuni ya usafirishaji itaihitaji.

Tovuti ikizima

Kigezo hiki watu hawakiweki kwenye mizani wakati wa kuchagua mahali. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, kosa kubwa la PHP likitokea, WordPress inamtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia katika hali ya uokoaji, ambako plagini au themu yenye kosa inasimamishwa kwake peke yake ili aingie kuirekebisha. Huduma hii inazihusu plagini za kawaida na themu. Faili ya mu-plugins ikikosea, haisimamishwi. Utaingia kwenye faili za seva uiondoe kwa mkono. Tena barua yenyewe inategemea seva yako kuweza kutuma barua pepe, na kwenye hostingi za bei nafuu hilo ni la bahati. Kabla ya kuweka msimbo wowote kwenye tovuti inayofanya kazi, hakikisha unaweza kuzifikia faili za seva kwa kidhibiti cha faili cha cPanel (paneli ya hostingi) au kwa FTP (njia ya kuhamisha faili). Ukibadili jina la faili au folda ya plagini yako, WordPress haitaiona, na tovuti itarudi.

Na kama si WordPress

Usihame mfumo kwa ajili ya kulabu. Kila mfumo mkubwa unazo kwa namna yake. Joomla inazigawa plagini kwa makundi na kuziita kwa matukio, kama onContentPrepare kabla makala haijaonyeshwa, na marekebisho ya sura yanawekwa kwenye folda ya html ndani ya kiolezo cha tovuti. Hapo mpaka kati ya sura na kazi umechorwa wazi kuliko kwenye WordPress.

Drupal kwa miaka mingi ilitegemea majina: moduli yako ikiitwa viungo, fanksheni ya viungo_form_alter inatambuliwa yenyewe bila kusajiliwa popote, na inapewa fomu yenyewe iibadilishe palepale badala ya kuirudisha. Toleo la 8 la mwaka 2015 lilileta wasikilizaji wa matukio kutoka Symfony, mkusanyiko wa maktaba za PHP, na tangu 11.1 unaweza kuandika kulabu kama mbinu ya darasa yenye alama ya #[Hook]. Kwa moduli mpya anza na hiyo ya mwisho. Na ukiongeza kulabu ukaona haiitwi, endesha drush cr (amri ya Drush, zana ya Drupal ya mstari wa amri) ufute kashe kwanza, maana Drupal haitafuti kulabu mpya kila ukurasa unapofunguliwa.